Jua Linasingiziwa: Sanduku la Maua Dirishani Linapokataa Kustawi Mombasa

Ua likifa kwenye dirisha la jua, jua ndilo la kwanza kulaumiwa. Mtu huhamisha sanduku kivulini, mmea ukarefuka shingo, usitoe ua, kisha ukafa vilevile. Lakini maua mengi yanayouzwa kwenye vitalu vya kandokando ya barabara ya Malindi yanalitaka jua hilohilo. Vinka, lile ua la petali 5 tambarare, jeupe au la waridi, hujiotea kwenye nyufa za kuta na kando ya njia, juani kutwa, bila mtu kulimwagia hata kikombe cha maji. Kinachoua dirishani ni vitu ambavyo jua huviacha ndani ya sanduku: chumvi inayobaki maji yakishakauka, chokaa, joto lililonaswa kwenye kuta za plastiki, na maji yaliyokosa pa kutokea. Bustani ya ardhini ina udongo wa kina wa kupoza mizizi na masika ya kuisafisha. Sanduku la sentimita 80 kwa 20 kwa 20 lina lita 32 za udongo tu, na kila kosa linabaki humohumo.

Kabla ya kununua dawa yoyote, fanya uchunguzi wa dakika tano. Chomeka kidole kwenye udongo hadi kifundo cha pili, kiasi cha sentimita 5, ujue kuna majimaji au kumekauka. Inama unuse matundu ya chini: udongo mzima unanukia mvua, uliooza unanuka mtaro. Halafu tazama ni majani yapi yaliyoharibika, ya zamani yaliyo chini au machanga yaliyo nchani, ya upande wa bahari au ya upande wa ukuta. Majibu hayo ndiyo yanayotenganisha magonjwa yanayofanana kwa sura.

Mmea umelala mchana, na udongo bado una maji

Hapa ndipo watu wengi huua maua yao kwa huruma. Wanaona mmea umelegea saa saba mchana, wanaongeza maji, kesho umelegea zaidi, wanaongeza tena.

Subiri kwanza hadi alfajiri. Mmea uliolegea adhuhuri lakini umesimama saa kumi na mbili asubuhi hauna ugonjwa. Majani yalikuwa yakipoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, na usiku yakafidia. Haibiskasi na zinia hufanya hivyo Januari na Februari hata zikiwa na afya. Ukiukuta umelala mpaka alfajiri na udongo umelowa, basi mizizi imeumia. Chomoa mche mmoja uangalie. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na migumu kidogo. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta kwa vidole ngozi yake inavuka kama soksi, ikibaki nyuzi nyembamba katikati.

Chanzo cha kwanza ni matundu. Sanduku la sentimita 80 linataka matundu 5 au 6 ya upana wa milimita 12, yaliyopangwa kila sentimita 15. Masanduku mengi ya plastiki huuzwa na alama za matundu tu ambazo hazijatobolewa, na mnunuzi hajui. Hata yakiwa yametobolewa, sanduku lililokaa bapa juu ya zege linajiziba lenyewe. Linyanyue kwa vipande vya vigae, sentimita 1 hadi 2 inatosha.

Chanzo cha pili ni kokoto za chini. Desturi ya kutandika kokoto ili maji yatoke upesi imeenea sana, na haifanyi kazi hiyo. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto kubwa. Hujikusanya juu ya tabaka la kokoto mpaka udongo wa hapo ushibe kabisa. Kwa hiyo ukiweka sentimita 5 za kokoto kwenye sanduku la kina cha 20, umeinua eneo la matope kwa sentimita 5 na kuipunguzia mizizi nafasi. Funika matundu kwa kipande cha wavu wa mbu, kisha jaza udongo moja kwa moja.

Chanzo cha tatu ni udongo wenyewe. Ule wa shambani, uwe mwekundu au mweusi, ukiwekwa sandukuni hushikamana kama tofali baada ya mwezi mmoja. Mchanganyiko unaofaa kwa pwani ni sehemu 2 za unga wa makumbi ya nazi, sehemu 1 ya mboji iliyoiva na sehemu 1 ya mchanga wa mto. Kwa lita 32, hiyo ni lita 16 za makumbi, 8 za mboji na 8 za mchanga. Mchanga wa bahari usiutumie hata ukiuosha: chumvi itaondoka, lakini vipande vya makombe na matumbawe vitabaki, na hivyo ni chokaa tupu. Makumbi nayo yana siri yake. Yaliyofukiwa pwani ili kulainisha usumba wa kamba yamelala kwenye maji ya bahari miezi kadhaa. Yaloweke kwenye maji matamu usiku kucha, yakamue, na urudie mara 3 kabla ya kuyachanganya.

Chanzo cha nne ni joto, na hiki ndicho husahauliwa. Sanduku jeusi au la kahawia kwenye dirisha la magharibi hupigwa na jua kuanzia adhuhuri hadi jioni. Weka kiganja ubavuni mwake saa tisa alasiri. Ukishindwa kukiacha hapo huku ukihesabu polepole mpaka kumi, basi mizizi inayogusa upande huo inachemka. Utagundua ukichomoa mmea: mizizi ya upande wa ndani ni mizima, ya upande wa nje imekauka. Lipake sanduku rangi nyeupe, au ning'iniza kipande cha mkeka mkuukuu mbele yake, au panda potulaka ukingoni ili ining'inie na kulivika sanduku zima. Njia hii ya mwisho ndiyo nzuri kuliko zote, maana inaleta kivuli na maua kwa pamoja. Kiyoyozi cha jirani kinachopuliza hewa moto kwenye sanduku hakina dawa isipokuwa kulihamisha.

Na kama kidole kimekuta ukavu? Hapo tatizo ni jingine. Udongo ukishakauka kabisa huyakataa maji: unamwaga lita 2, zote zinapita pembeni na kutoka chini, katikati kukiwa vumbi. Mwaga nusu lita, ngoja dakika 10, mwaga nusu nyingine, rudia mara nne. Baada ya hapo shika kipimo. Sanduku la ukubwa huu lenye zinia au haibiskasi hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku wakati wa kaskazi kavu. Potulaka na vinka hutosheka na nusu ya hicho, na adeniamu hungoja mpaka udongo ukauke hadi chini.

Ncha na kingo za majani zimeungua

Kuungua huku ni kwa kahawia kavu, kunaanzia nchani na kutambaa pembezoni mwa jani. Karibu kila mara ni chumvi, lakini chumvi huingia kwa milango mitatu, na kila mlango una alama yake.

Ikitoka kwenye upepo, majani ya upande wa bahari ndiyo yanayoungua, ya nyuma yakabaki kijani. Madirisha ya Nyali, Kizingo na Likoni yanayotazama mashariki na kusini huipata zaidi wakati wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba, upepo unapopeperusha vumbi la mawimbi. Siku ya upepo mkali ikipita, nyunyizia majani maji matamu asubuhi na mapema, nusu lita kwa sanduku. Pale ambapo kioo cha dirisha kinachakaa kwa chumvi kila wiki, acha kupigana: panda bogenvilia, potulaka, mwiba wa Kristo au adeniamu. Adeniamu ni mwenyeji wa pwani hii, mnene wa shina, mwenye maua ya waridi wakati wa kiangazi. Utomvu wake ni sumu, kwa hiyo nawa mikono ukishaukata, na usiuweke pale mtoto anapofika.

Ikitoka kwenye maji, majani ya zamani ya pande zote huungua kwanza, na juu ya udongo au kwenye midomo ya matundu kunakuwa na ukoko mweupe. Visima vingi vya Mombasa vina maji ya chumvichumvi, na mfereji ukikatika hayo ndiyo yanayomwagiwa maua. Kila lita inayokauka inaacha chumvi yake nyuma. Baada ya miezi miwili, sanduku ni kama chungu cha kuchemshia maji ya bahari.

Ukoko mweupe peke yake hautoshi kuwa ushahidi, kwa sababu chokaa nayo huacha ukoko. Kamulia ndimu juu yake. Ukitoa povu, ni chokaa, na dawa yake iko sehemu inayofuata. Usipotoa povu lakini ukayeyuka haraka kwenye maji, ni chumvi au mbolea.

Dawa ya chumvi ni kuisafisha itoke chini. Kwa sanduku la lita 32 tumia mitungi 3 ya lita 20 ya maji matamu, uimwage polepole asubuhi moja, mtungi hadi mtungi, matundu yakiwa wazi. Ni maji mengi, na wakati wa uhaba kununua mitungi 3 kwa ajili ya maua kunauma. Ndiyo maana inafaa kutumia masika: mvua za Aprili na Mei zikianza, toa sanduku chini ya anga siku mbili za mvua kubwa, litasafishika bila gharama. Siku nyingine zote, ukimwagilia, mwaga hadi kiasi kidogo kitoke chini. Kwenye lita 3, karibu nusu lita itoke. Anayemwaga kidogokidogo ili isivuje hata tone anahifadhi chumvi.

Kuna chanzo kimoja cha maji mazuri ambacho watu hukimwaga: maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, kwa hiyo hayana chumvi wala chokaa, na kwa unyevu wa Mombasa kiyoyozi kimoja hujaza ndoo bila shida. Si ya kunywa, lakini kwa asumini na waridi yanashinda maji ya kisima kwa mbali.

Mlango wa tatu ni mbolea. Majani yakiungua siku tatu au nne baada ya kutiwa mbolea, huhitaji kutafuta mbali. Mbolea ya mchanganyiko ya NPK 17:17:17 isizidi kijiko cha chai kimoja, bila mlima, kwa sanduku la sentimita 80 kila wiki 3, na udongo uwe umelowa kabla. Samadi mbichi ya mbuzi au kuku ina chumvi nyingi pia. Iache ioze miezi 3.

Majani yanakuwa manjano

Ni jani lipi lililoanza? Kama ni yale ya chini, ya zamani, manjano yameenea jani zima, mmea una njaa ya naitrojeni. Mvua za masika huosha mbolea yote, na sanduku lililopandwa Novemba huwa limekwisha chakula Mei. Kijiko kile cha NPK kinatosha, na baada ya wiki mbili machipukizi mapya yatatoka kijani.

Kama ni majani machanga ya juu, manjano lakini mishipa imebaki kijani kama ramani ya mito, mmea umekosa chuma. Chuma kipo kwenye udongo, ila chokaa imekifunga. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya matumbawe, na chokaa inakufikia kwa njia usizozitazamia: udongo uliochotwa uani, maji ya kisima, mvua inayochuruzika kwenye ukuta uliopakwa chokaa juzi, au sanduku jipya la saruji. Sanduku la saruji lijaze maji na kuyamwaga kila siku 3 kwa muda wa wiki 4 kabla ya kulipanda. Wanaolia zaidi ni iksora, gardenia na haibiskasi.

Misumari yenye kutu iliyozikwa sandukuni haisaidii, kwa sababu kutu kwenye udongo wa chokaa haiyeyuki. Siki nayo hushusha ukali wa chokaa kwa siku chache tu. Kinachofanya kazi ni madini ya chuma ya maduka ya kilimo, lakini soma pakiti: tafuta herufi EDDHA. Yale ya EDTA, ambayo ni rahisi kuyapata, huvunjika kwenye udongo wa chokaa kabla mmea haujafaidi. Yayeyushe kwa kipimo cha pakiti na uyamwage kwenye udongo jioni, kwa sababu mwanga wa jua huyaharibu. Majani yaliyokwisha kuwa manjano sana huenda yasirudi, angalia yatakayochipua.

Lakini kama dirisha lako limejengwa kwa matumbawe na maji yako ni ya kisima, kwa nini kumlazimisha iksora? Machimbo ya saruji ya Bamburi yalipoanza kupandwa miti mwaka 1971, eneo ambalo leo ni Haller Park, René Haller, mtaalamu aliyeiongoza kazi hiyo, hakugeuza ule mwamba kuwa udongo mwekundu kwanza. Alijaribu miti, akaenda na mvinje uliokubali chokaa na chumvi. Vinka na bogenvilia ndio mivinje ya dirishani.

Majani tele, ua hakuna

Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama CAN au samadi ya kuku, huleta majani mapana na hakuna ua. Acha kuitia kwa wiki 6. Zinia na pentasi zisizokatwa maua yaliyokauka huacha kutoa mapya, kwa sababu zinapeleka nguvu kwenye mbegu. Zikate kila wiki, juu kidogo ya majani mawili yaliyoelekeana. Bogenvilia inayomwagiliwa kila siku hujaa miiba na majani: iache mpaka majani yalegee kidogo ndipo uimwagilie, na uikate mwezi wa Agosti ili ichanue wakati wa kaskazi, maana maua yake hutoka kwenye matawi mapya.

Sababu kubwa zaidi, hata hivyo, ni hesabu ya jua. "Dirisha langu lina jua" ni maneno ya mwezi mmoja. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na jua hubadili upande mara mbili kwa mwaka. Karibu na tarehe 10 Machi na tarehe 3 Oktoba, saa sita mchana, linakuwa utosini. Kati ya Oktoba na Machi jua la adhuhuri liko kusini. Miezi mingine saba liko kaskazini. Mwezi Juni dirisha linalotazama kusini halipati mwale hata mmoja kutwa nzima, na Desemba ni zamu ya dirisha la kaskazini kukosa. Zinia iliyochanua vizuri Januari kwenye dirisha la kusini ikigoma Juni, haina ugonjwa wowote. Ihamishie upande wa pili wa nyumba.

Madirisha ya mashariki na magharibi ndiyo yenye jua la mwaka mzima, lakini ukuta wa upande wowote kati ya hizo mbili hauwezi kupata jua la siku nzima: mashariki hupata jua kwa muda wa saa 5 au 6 asubuhi, magharibi kwa muda kama huo kuanzia mchana mpaka jioni. Mashariki panda karibu chochote. Magharibi, ambako jua huja hewa ikiwa imeshapata moto, panda potulaka, vinka, adeniamu, mwiba wa Kristo, gomfrena.

Tazama pia kile kijipaa cha zege juu ya dirisha. Kikitokeza sentimita 60, adhuhuri ya Desemba upande wa kusini kinafunika ukuta hadi sentimita 170 chini yake. Adhuhuri ya Juni upande wa kaskazini, hadi sentimita 116. Sanduku lililoegemezwa kwenye kioo ndani ya kivuli hicho liko gizani wakati jua ni kali kuliko wakati wowote. Kulisogeza nje sentimita 25 kwenye vyuma vya kulishikilia hupunguza kivuli hicho kwa zaidi ya theluthi. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, roshani ya ghorofa ya tatu na dirisha la chini yake ni nchi mbili tofauti. Hesabu saa kwa saa, siku moja, kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Pakikosa saa 4 za jua la moja kwa moja, potulaka haitafungua maua yake.

Jeraniamu na petunia zinastahili neno lake, kwa sababu ndizo zinazoonekana kwenye kila picha ya dirisha la Ulaya. Huja kutoka vitalu vya nyanda za juu zikiwa zimesheheni maua, na baada ya wiki chache dirishani Mombasa zinabaki majani. Hujakosea kitu. Zinataka usiku wa baridi, na usiku wa Februari hapa haushuki sana chini ya nyuzi 24 au 25 za Selsiasi. Zinunue Juni, zifurahie kipupwe chote, ukijua kwamba Oktoba nafasi yake itachukuliwa.

Shina limeoza kwa chini wakati wa masika

Vinka iliyokuwa nzuri jana, leo tawi zima limelala, rangi ya kahawia iliyoiva, na weusi umepanda kutoka udongoni. Ni kuvu wa maji anayerukia mmea kwa matone ya mvua yanayodunda. Haitibiki. Ng'oa mche na udongo wa kuuzunguka, utupe mbali na mboji. Mingine isogeze chini ya paa, ipe nafasi ya sentimita 20 kati ya mche na mche, mwagilia udongoni na si juu ya majani, na sanduku hilo usilipande vinka tena mpaka udongo ubadilishwe wote. Kukimbilia kupanda vinka Aprili ni kuomba msiba huu. Ngoja mvua zipungue.

Pamba nyeupe, utando, majani yenye vumbi la fedha

Pamba nyeupe kwenye mafundo ya haibiskasi ni vidung'ata. Sisimizi wakipanda na kushuka shinani, wanawachunga kwa ajili ya utomvu mtamu, na usipowazuia wao hutamaliza vidung'ata. Paka mafuta mazito ya kujipaka kwenye vyuma vinavyoshikilia sanduku, uwafute vidung'ata kwa pamba iliyolowa spiriti, kisha nyunyizia maji ya sabuni: mililita 5 hadi 10 za sabuni laini ya maji kwa lita 1, jioni, chini ya majani, rudia kila siku 5 mara tatu.

Jani lenye vidoadoa vingi vya fedha na utando mwembamba chini yake ni utitiri mwekundu, mdudu wa kiangazi cha Januari na Februari. Unapenda ukavu na vumbi. Kuosha majani kwa maji kwa nguvu, hasa upande wa chini, kila siku ya pili, hupunguza zaidi kuliko dawa nyingi. Kwa wote hawa, mwarobaini upo kila mtaa: gramu 50 za kiini cha mbegu kilichotwangwa, lita 1 ya maji, ilale usiku mmoja, chuja kwa kitambaa, tia matone ya sabuni. Nyunyiza jioni, maana jua huivunja nguvu, na itumike siku hiyohiyo.

Mwasumini unadondosha vitumba

Anayepanda asumini dirishani anataka zaidi ya rangi. Anataka ya kikuba na ya kutia kwenye nywele. Sanduku la kina cha 20 halitoshi, mpe 30. Vitumba vikidondoka kabla ya kufunguka, mizizi ilikauka hata kwa nusu siku. Asipotoa vitumba kabisa, hakukatwa: maua yake hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila msimu wa maua ukipita punguza theluthi moja ya matawi na umpe kijiko cha NPK. Chuma vitumba jioni vikiwa vimejaa na vyeupe, vitajifungua usiku.

Miche imeng'olewa, mbu wamezidi, chuma kimelika

Miche iliyolala juu ya udongo asubuhi, mizizi ikiwa mizima, ni kazi ya kunguru. Wanatafuta nyuzi za makumbi za kujengea viota. Tandaza wavu wa kuku juu ya udongo na upitishe miche matunduni, ikikomaa itaufunika.

Sinia la kukingia maji chini ya sanduku ni mazalio ya mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengi, na Mombasa imeshapata milipuko yake, ukiwemo wa 2013 na wa 2017. Kutoka yai hadi mbu mzima huchukua siku 7 hadi 10. Mwaga sinia kila siku 3, ulisugue pembeni, kwa sababu mayai hushika kwenye ukingo na kungoja maji mengine. Kama jirani wa chini halalamiki, liondoe kabisa.

Sanduku hili likilowa lina kilo 35 hadi 40. Chuma cha kawaida kwenye hewa ya bahari hulika kwa ndani kabla rangi haijaonyesha, kwa hiyo tumia chuma kisichoshika kutu au kilichochovywa zinki, na kila Machi, kabla ya kusi, gonga kila boliti kwa nyundo ndogo. Ikitoa sauti butu au ikatoa unga mwekundu, ibadilishe siku hiyo. Kuta za matumbawe na chokaa za Mji wa Kale hazishiki boliti ya kupanuka; humo weka sanduku ndani ya vyuma vya dirisha, juu ya kizingiti, na ulifunge kwa waya pande zote mbili.